Nastaafu na Miaka 66: Nibaki na Bima ya Kazini au Nihamie Medicare?

*"Dada, salamu. Nina miaka 66, niko Marekani tangu 1998 na nimeshakuwa raia. Nimefanya kazi miaka 19 kwenye kiwanda chenye wafanyakazi kama mia tatu, na bima yangu ni ya hapo hapo. Nastaafu Machi 31. Ofisi ya utumishi wameniambia naweza kuendelea na bima ile ile miezi 18 kupitia COBRA nikilipa mwenyewe, nami nimeona nifanye hivyo kwanza, habari za Medicare nitazijua baadaye. Rafiki yangu anasema Medicare ni bure kwa kuwa tumekatwa kodi miaka yote. Mwingine anasema nisubiri 67. Kwenye televisheni wanatangaza mpango wa dola sifuri wenye meno na miwani. Nina presha na kisukari, najichoma insulini. Mke wangu ana miaka 61 na yuko kwenye bima yangu. Kila mwaka tunakwenda Tanga miezi mitatu. Nifanyeje?"*

Shikamoo mzee wangu. Umefanya la maana kuuliza kabla ya Machi 31, kwa sababu wengi wanaonijia na swali hili huja wakati mlango mmoja au miwili imeshafungwa. Wasiwasi wako nauelewa hivi: hutaki kukaa hata siku moja bila bima na kisukari hicho, na hutaki mama abaki hana kinga. Ndiyo maana COBRA imekuvutia, inaonekana kama kuendelea na kitu unachokijua. Kwako wewe, usiitumie badala ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa waliofikisha miaka 65. Kwa mkeo huenda ikafaa. Nikueleze sababu, maana usipoijua, neno moja tu la mtu wa ofisini litakuyumbisha.

Sheria ya Medicare inamtaka mtu ajiandikishe anapofikisha miaka 65, ndani ya miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Wewe uliupita muda huo bila kosa, kwa sababu ulikuwa bado kazini, na mwajiri wako ana watu 20 au zaidi. Katika hali hiyo bima ya kazini inatangulia kulipa, na sheria inakuruhusu kusubiri. Lakini ruhusa hiyo imefungwa kwenye *kazi* yako, haikufungwa kwenye kadi ya bima. Siku unayoacha kazi, saa inaanza kuhesabu. Una miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B ya Medicare, ile ya daktari na vipimo, bila adhabu. Kwako inaanza Aprili na kwisha Novemba 30. COBRA haiisimamishi saa hiyo hata kwa siku moja. Bima ya wastaafu inayotolewa na baadhi ya waajiri haiisimamishi pia.

Sasa tazama hesabu ya mpango wako. COBRA yako ingekwisha Septemba ya mwaka unaofuata. Dirisha lako la miezi minane litakuwa limefungwa zamani. Utalazimika kungoja usajili wa jumla, ambao hufunguliwa Januari 1 hadi Machi 31 tu, na bima huanza mwezi unaofuata ule uliojiandikisha. Maana yake Oktoba, Novemba, Desemba na Januari huna Sehemu B. Juu ya hapo kuna adhabu: kila miezi 12 kamili uliyochelewa inaongeza asilimia 10 kwenye ada ya Sehemu B, na nyongeza hiyo huilipi mwaka mmoja ukamaliza. Unailipa maadamu una Sehemu B, ambayo kwa watu wengi ni maisha yote.

Lakini adhabu si kitu kinachoniuma zaidi. Linaloniuma ni hili, ambalo karibu hakuna anayeambiwa: mtu aliyekwisha kuwa na haki ya Medicare, COBRA inahesabiwa kuwa bima ya pili. Ya kwanza ni Medicare, hata kama hujajiandikisha. Kampuni ya bima ina njia ya kusema, "sisi tunalipa kile ambacho Medicare ingebakiza," na kile ambacho Medicare ingelipa kikabaki shingoni mwako. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja ofisini kwangu na mfuko wa plastiki wa dukani umejaa bahasha. Alikuwa amelipa COBRA miezi tisa, kila mwezi, hakuchelewa hata mara moja, na stakabadhi alikuwa ameziweka kwa mpangilio, zimefungwa kwa mpira. Kisha ikaja barua: bima imepitia upya malipo ya upasuaji wake wa goti, imegundua ana miaka 67, na inataka hospitali irudishe fedha. Bahasha ya juu kabisa ilikuwa ankara ya hospitali yenye jina lake. Aliniuliza swali moja tu, "Nimekosea wapi, mbona nililipa?" Hakuwa na kosa la uzembe. Alikuwa amelipia kitu ambacho kwa umri wake hakikuwa kile alichodhani.

Kwa hiyo, Medicare yako ianze Aprili 1, siku inayofuata ya mwisho wa kazi. Nitarudi kwenye namna ya kuifanya ianze hiyo siku. Kwanza tuondoe yale maneno ya marafiki.

Kwamba ni bure: nusu ya kweli. Medicare ilipotungiwa sheria mwaka 1965 iligawanywa sehemu mbili, na mpaka leo mgawanyo huo ndio unaowachanganya watu. Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini, na hiyo ndiyo uliyoilipia kwa ile kodi ya asilimia 1.45 inayokatwa kwenye kila mshahara, na mwajiri huongeza nyingine kiasi hicho hicho. Ukiwa na krediti 40, yaani kama miaka kumi ya kazi, huilipii ada ya kila mwezi. Wewe na miaka yako 19 umeshapita. Sehemu B ni ya daktari, vipimo, matibabu ya kutwa, vifaa vya kupimia sukari. Hiyo ina ada, na kwa mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi kwa mtu wa kipato cha kawaida. Wenye kipato kikubwa huongezewa kwa kuangalia marejesho ya kodi ya miaka miwili nyuma. Nyinyi mkirejesha kodi pamoja na kipato chenu kilizidi dola 218,000, niandikie, kwa sababu aliyestaafu anaweza kuomba kiasi hicho kipunguzwe kwa fomu SSA-44. Kama hamkufika huko, ruka sentensi hii.

Kwamba usubiri 67: hapo rafiki yako amechanganya mambo mawili ambayo maombi yake hupitia ofisi moja, Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali. Miaka 67 ni umri wa kupata pensheni kamili ya Social Security kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea. Medicare ni 65. Unaweza kuanza Medicare na kuiacha pensheni iendelee kukua, ni uamuzi mwingine kabisa. Tofauti ni kwamba aliyekwisha kuanza pensheni ada ya Sehemu B hukatwa humo humo, na ambaye hajaanza huletewa ankara, kwa kawaida ya miezi mitatu kwa pamoja. Ankara ile isikae mezani.

Na kwamba mkeo "yuko kwenye bima yako": Medicare haina mtegemezi. Kila mtu anaingia kwa umri wake na kadi yake. Nitafika kwake.

Sasa tuje kwenye uamuzi mgumu, na hapa naomba usome polepole.

Sehemu A na B peke yake zina tundu. Ukilazwa mwaka 2026, unatangulia kulipa dola 1,736 kwa kila kipindi cha kulazwa. Kwenye Sehemu B unalipa dola 283 za mwanzo wa mwaka, kisha asilimia 20 ya karibu kila kitu, na asilimia hiyo 20 haina kikomo. Ishirini ya ziara ya daktari ni kitu kidogo. Ishirini ya miezi sita ya dawa za saratani za kuchomwa mshipani ni nyumba. Kwa hiyo watu wengi huziba tundu hilo kwa njia moja kati ya mbili, na huwezi kuwa nazo zote mbili kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni kubaki na Medicare ya asili, yaani hizo Sehemu A na B za serikali, ukaongeza bima ya kujaziliza inayoitwa Medigap, na ukanunua Sehemu D ya dawa kando. Medigap huuzwa na kampuni binafsi lakini vifurushi vimesanifiwa kwa herufi, na katika majimbo karibu yote herufi G ya kampuni moja ina mafao yale yale ya herufi G ya kampuni nyingine. Kinachotofautiana ni bei. (Massachusetts, Minnesota na Wisconsin wana utaratibu wao.) Ukiwa na G, ukishalipa zile dola 283, gharama zinazokubaliwa na Medicare karibu zote zimefunikwa. Unakwenda kwa daktari yeyote nchini anayepokea Medicare, na kwa sehemu kubwa ya matibabu huombi kibali kwa mtu. Ubaya wake ni ada: ni fedha inayotoka kila mwezi uwe mgonjwa au mzima, na hupanda kadiri miaka inavyokwenda.

Njia ya pili ni hiyo ya televisheni, Medicare Advantage, au Sehemu C. Serikali inailipa kampuni binafsi ikuhudumie badala yake. Sifuri wanayoitangaza ni ada ya mpango wao tu. Dola 202.90 za Sehemu B unaendelea kuzilipa. Meno na miwani ni kweli mara nyingi vipo, na Medicare ya asili haina huduma za kawaida za meno, miwani wala vifaa vya kusikia, kwa hiyo si jambo la kubeza. Pia Advantage ina kikomo cha mwaka: kwa 2026 mpango hauruhusiwi kukutoza zaidi ya dola 9,250 kwa huduma za ndani ya mtandao wake, na mingi huweka chini ya hapo. Unachotoa kwa upande wako ni uhuru. Una mtandao wa madaktari, na kwa huduma nyingi kubwa daktari wako lazima aombe kibali kwanza. Kwa mtu mzima wa afya hilo halisikiki. Kwa mwenye kisukari, ambaye huenda kesho akahitaji daktari wa figo, wa macho na wa mishipa ya miguu kwa wakati mmoja, linasikika.

Ningesema chagua tu inayokufaa, halafu ukiona vingine utabadilisha. Ndivyo wauzaji wanavyosema, wakitaja usajili wa kila mwaka wa Oktoba 15 hadi Desemba 7. Ni kweli kipindi hicho unaweza kutoka Advantage kurudi Medicare ya asili. Wasichokwambia ni kwamba haki ya kuingia Medigap bila kuulizwa afya ni ya mara moja: miezi sita kuanzia mwezi Sehemu B inapoanza ukiwa na miaka 65 au zaidi. Kwako ni Aprili 1 hadi Septemba 30. Ndani ya miezi hiyo hawawezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa ajili ya kisukari. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, wanakuuliza maswali ya afya, na insulini ni jibu ambalo kampuni nyingi halilipendi. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zina ulinzi mpana zaidi, na kuna haki chache za kurudi ndani ya miezi 12 kwa watu wa hali fulani, lakini usiupange uzee wako juu ya hizo.

Kwa hiyo mlango mmoja unaruhusu kutoka na mwingine unaweza kugoma kukupokea. Ukianza na Medigap leo, kuhamia Advantage miaka ijayo ni rahisi. Kinyume chake si rahisi. Kwa mwenye kisukari cha insulini na presha, kama bajeti ya nyumbani inabeba ada, mimi ningeanza na Medigap G. Nasema hivyo nikijua si kila mstaafu anaweza. Kama ada ya Medigap ingekufanya upunguze chakula au dawa, chukua Advantage nzuri bila kujilaumu, ila kabla ya kutia saini piga simu wewe mwenyewe kwa daktari wako wa kisukari na uulize, "Mwaka huu mnapokea mpango huu kwa jina hili kamili?" Usiulize kama wanapokea kampuni hiyo, kampuni moja ina mipango kadhaa.

Kuhusu dawa nina habari njema. Tangu 2023 insulini iliyo kwenye orodha ya mpango wa Sehemu D haiwezi kukugharimu zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina, na mwaka 2026 dawa zako zote za orodha zikifikisha dola 2,100 mfukoni mwako, hulipi tena mpaka mwaka uishe. Neno la kushika ni *orodha*. Insulini yako iandike kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kisanduku, na ya kalamu au ya chupa, kisha tafuta mpango unaoitaja. Usiipitishe Sehemu D: ukikaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika, nayo ina adhabu yake ya kudumu.

Tanga. Medicare ya asili hailipi nje ya Marekani isipokuwa katika mazingira finyu sana, na Tanga haimo. Medigap G ina fao la dharura safarini: baada ya dola 250 inalipa asilimia 80, hadi jumla ya dola 50,000 kwa maisha yako yote, ila kwa dharura inayoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Nyinyi mnakaa miezi mitatu. Mwezi wa tatu uko wazi kabisa. Baadhi ya mipango ya Advantage ina dharura ya nje pia, kila mmoja na kiwango chake. Kwa vyovyote, nunua bima ya safari inayofunika siku zote tisini pamoja na kusafirishwa kwa dharura, na uandike kisukari chako wazi kwenye fomu. Na kama moyoni mnawaza siku moja kurudi moja kwa moja, kumbuka kwamba mpango wa Advantage hukutoa ukikaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita mfululizo. Wengi wakihama huiacha Sehemu B ili wasilipe ada, kisha wakaugua na kutaka kurudi, wakaikuta ile adhabu ya asilimia 10 imejipanga mwaka juu ya mwaka. Ukifika hapo tuzungumze kwanza.

Sasa mama. Wewe ukitoka kazini naye bima yake inakwisha, na Medicare kwake iko miaka minne mbele. Ana njia mbili. Anaweza kuchukua COBRA *peke yake*, bila wewe. Kila mmoja kwenye familia ana haki ya kuchagua kwa nafsi yake, jambo ambalo fomu za ofisini haziliweki mbele. Au anaweza kununua bima kwenye soko la serikali la HealthCare.gov, au la jimbo lenu kama lina lake, ambapo kipato chenu kipya cha ustaafu kinaweza kumpatia ruzuku. Ana siku 60 baada ya bima kukatika za kuingia sokoni. Linganisheni bei zote mbili kabla siku hizo hazijaisha, kwa sababu akichukua COBRA kisha akaona ni ghali akaiacha katikati ya mwaka, kuiacha huko hakumfungulii soko. Atangoje usajili wa kawaida unaoanza Novemba 1. Kama yuko katikati ya matibabu na daktari anayempenda, COBRA kwa miezi michache ina maana. Vinginevyo, mkipata ruzuku, mara nyingi soko ni nafuu. Akifika 65, hata kama hana krediti zake 40, ataingia Sehemu A bila ada kwa rekodi yako.

Namna ya kuanza Aprili 1: kuna fomu mbili. CMS-40B unaijaza wewe, ni ya kuomba Sehemu B. CMS-L564 inajazwa na mwajiri, inathibitisha ulikuwa na bima kwa sababu ya kazi tangu ulipofika 65. Zipeleke Social Security mwezi Februari au Machi mwanzoni, na uandike kwenye nafasi ya maelezo kwamba unaomba ianze Aprili 1. Kama Sehemu A hukuichukua, omba pamoja. Hapo angalia jambo moja: kama kazini mlikuwa na akaunti ya akiba ya afya, ile HSA, Sehemu A hurudi nyuma hadi miezi sita, na fedha mlizoweka ndani ya miezi hiyo zinaweza kuleta kodi. Simamisha michango sasa.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukuamulia. Bei za Medigap katika jimbo lenu, mipango ya Advantage ya wilaya yenu, na kama kiwanda kina bima ya wastaafu ambayo ukiitoka hurudi tena. Kwa hayo nenda kwa washauri wa SHIP, mpango wa umma wa kuwashauri watu kuhusu Medicare. Kila jimbo wapo, ni bure, na hawauzi bima. Nenda na orodha ya dawa, majina ya madaktari wako, na barua ya COBRA uliyopewa. Ukitaka mkalimani wa Kiswahili Social Security, omba unapopanga miadi, hutozwi. Na kama kipato chenu baada ya kustaafu kitakuwa kidogo, waulize kwa jina kuhusu Extra Help na Medicare Savings Programs; hizi zinaweza kulipia ada ya Sehemu B na kushusha bei za dawa, na watu wengi wenye haki nazo hawaombi. Akikupigia mtu usiyemjua akitaka namba ya kadi yako ya Medicare "kuithibitisha," kata simu.

Ila kabla ya yote hayo, ile L564 ipeleke ofisi ya utumishi wiki hii. Inahitaji saini yao, na nimeona saini hiyo ikichukua wiki tatu kwa sababu tu aliyepaswa kuitia yuko likizo. Ukishaipata mkononi, piga nakala mbili kabla hujaipeleka, moja ibaki na mama.